Picha ya mafuta haianikwi kama kanga

"Mwalimu, picha imegoma kukauka. Niianike juani?" Wiki hii nimeulizwa mara nne, tena mwezi wa saba, wakati jua lenyewe hapa Arusha linajitokeza likijisikia.

Watu wanadhani rangi ya mafuta hukauka kama nguo: maji yakishatoka, basi. Humo hamna maji. Mafuta ya kitani yaliyomo hufyonza oksijeni ya hewani ndipo yanakuwa magumu, na kazi hiyo huanzia juu. Ukipaka nene, juu panashika utando, chini bado mbichi. Mwanafunzi mmoja aliniletea nakala yake ya Adamu na Hawa, picha ya Titian, mchoraji wa kale wa Italia; paja la Hawa limekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Alilipaka mkono mmoja tu wa rangi, nene, halafu akaiegesha picha kwenye bati la banda lipate joto. Baridi huchelewesha, sikatai, ila kosa lake lilianzia kwenye brashi.

Mkono wa kwanza uwe mwembamba: amba, ile rangi ya kahawia, na tapentaini; tenga kivuli na mwanga tu, usianze kuchora macho wala midomo. Mikono inayofuata ndiyo unaiongezea mafuta, kidogo kidogo. Ukigeuza mpangilio, tabaka la juu hukauka kabla ya la chini, na picha inapasuka. Unaposubiri, shika kazi nyingine. Darasani kwangu haingii mtu na kanvasi moja.

Eti kunakili ni kwa wasio na kipaji? Mchoraji Rubens aliinakili picha hiyohiyo ya Titian huko Madrid, 1628 hadi 1629, ameshavuka miaka 50 na Ulaya inamjua. Akaongeza na kasuku. Zote mbili ziko Prado, jumba la makumbusho la Madrid.

"Niuzie rangi ya ngozi." Kachungulie mkono wako dirishani: kiwiko, kiganja na mshipa, kila kimoja na rangi yake. Changanya.

Na ile rangi ya mafuta ya kupakia mageti si hii. Wachoraji wa Tingatinga wanaiweza, maana kwao kila rangi inakaa mahali pake. Kivuli cha shavu kinataka rangi inayokusubiri uilainishe. Ya geti haisubiri.

Matambara yenye mafuta ya kitani je? Wengi huyafinyanga na kuyatupa kwenye ndoo. Yakirundikana hujipasha joto yenyewe mpaka yawake. Yatandaze nje kwenye uzio, moja moja. Hayo ndiyo ya kuanika.