Nguvu farasi za gari la turbo mjini Mwanza: dhana potofu na ukweli wa vipimo

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 88, ilhali Dar es Salaam, ufukweni, ni kama 101. Tofauti hiyo pekee yatosha kuvuruga hesabu za mwenye Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution yenye turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi) anayetangaza kwenye gereji ya Nyakato, Mwanza, kwamba gari lake limeongezeka nguvu farasi 60 baada ya kubadilishiwa ekzosi na programu ya kontroli boksi, yaani kompyuta inayoongoza injini. Kabla ya kumpongeza, ni haki kumuuliza 60 hizo zimehesabiwa kuanzia namba ipi, na namba zote mbili, ya kabla na ya baada, zilipimwa wapi na kwa mashine gani.

Dhana ya kwanza ni kwamba kianzio cha hesabu ni namba ya kiwandani. Mtengenezaji hupima nguvu kwenye injini yenyewe, wakati dainamomita ya gereji, mashine ambayo gari hukimbia juu ya rola zake likiwa limefungwa mahali pamoja, hupima kwenye matairi, baada ya gia boksi, difu na tairi kula sehemu yake. Kwa magari ya Japani kuna jambo la ziada: kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 watengenezaji wa huko walikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya nguvu farasi 280 za kimetriki, yaani kilowati 206, na baadhi ya injini zilizotangazwa kwa namba hiyo, ikiwemo ya Nissan Skyline GT-R, zilijulikana kutoa zaidi. Anayeanzia 280 anaweza kujipa faida ambayo gari lilikuja nayo tangu melini. Anaweza pia kujipunja, kwa kuwa injini iliyotembea miaka 20 si lazima iwe na nguvu iliyozaliwa nayo. Kianzio kinachofaa ni kipimo cha gari hilohilo, kilichochukuliwa kabla ya kufunguliwa bolti hata moja.

Kutokana na hapo imezuka desturi ya kuchukua kipimo cha matairi na kukiongezea asilimia 15 au 20 ili kupata nguvu ya injini. Upotevu wa njiani hautembei kwa asilimia moja isiyobadilika. Hutegemea aina ya gia, uzito wa mafuta ya gia, joto lake, na hata namna gari lilivyofungwa kwenye rola. Anayetafuta faida hana haja ya hesabu hiyo, kwa sababu kipimo cha matairi hulinganishwa na kipimo cha matairi, basi.

Dhana inayopendwa zaidi Kanda ya Ziwa ni kwamba gari la turbo halijali kimo. Ina chembe ya ukweli, nayo ndiyo inayoipa maisha marefu. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri hewa inavyopungua, ilhali turbo inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi na kufidia upungufu huo. Lakini tuangalie geji. Geji ya kawaida ya turbo husoma shinikizo lililozidi lile la nje, hivyo baa 1 (kilopaskali 100) ikisomwa Dar es Salaam humaanisha kwamba ndani ya injini mna kilopaskali 201, na baa 1 hiyohiyo ikisomwa Mwanza humaanisha 188. Sindano imesimama mahali pamoja, hewa haiko sawa. Kama kontroli boksi imepangwa kufikia kilopaskali 200 popote gari lilipo, basi turbo ambayo pwani ilikuwa ikiigandamiza hewa karibu mara 2, huku Mwanza italazimika kuigandamiza karibu mara 2.3. Hewa iliyogandamizwa zaidi hupata joto zaidi, kipoza hewa, kinachoipunguzia joto kabla haijaingia kwenye injini, huelemewa, na turbo ndogo hufika mwisho wa uwezo wake mapema. Ndiyo maana programu iliyotengenezwa kwa ajili ya mji wa pwani huweza kuleta faida pungufu hapa, au kuichosha turbo bila faida ya kueleweka.

Kutokana na jambo hilohilo huzaliwa kosa ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, la kuamini kwamba namba iliyosahihishwa kwa hali ya hewa ni ya kweli kuliko iliyopimwa. Dainamomita nyingi huzidisha kipimo kwa kigezo ili kionekane kama kilichukuliwa katika hewa ya kawaida, yaani nyuzi joto 25 na kilopaskali 99 za hewa kavu. Kwa Mwanza, siku yenye unyevu wa wastani, kigezo hicho hufika kama 1.17, na gari lililotoa kilowati 200 huandikiwa 234. Fomula za aina hii, zinapotumika kwa injini ya petroli, hudhani kwamba nguvu hushuka na hewa ya nje, jambo ambalo injini ya turbo inayolinda shinikizo lake hailifanyi kwa kiwango hicho. Isitoshe, kiwango cha kimataifa cha ISO 1585 hukubali kigezo kilicho kati ya 0.93 na 1.07 tu kwa injini za petroli, kwa hiyo 1.17 iko nje ya mipaka ya fomula yenyewe. Mteja na adai karatasi yenye namba ghafi pamoja na joto, shinikizo na unyevu wa wakati ule.

Wapo pia wanaojumlisha nguvu farasi za kila kifaa: kichujio cha hewa 10, ekzosi 15, programu 40, jumla 65. Injini haijui hesabu hiyo. Ekzosi pana husaidia pale tu moshi ulipokuwa umebanwa, na kontroli boksi inayolinda shinikizo maalumu inaweza kutumia upenyo huo kufungulia moshi njia ya pembeni bila kuongeza nguvu yoyote, hadi programu ibadilishwe.

Kipimo kimoja pia hakitoshi. Mbio ya pili na ya tatu kwenye rola huja wakati kipoza hewa kimeshika joto, na ikiwa petroli ni ya oktani (kipimo cha kuhimili kugandamizwa bila kujilipukia) ndogo kuliko inayotakiwa, kontroli boksi huchelewesha cheche ili kuiokoa injini. Kifaa kilichofungwa na kupimwa asubuhi, dhidi ya kianzio cha saa nane mchana, kitaonekana cha ajabu hata kikiwa bati tupu. Dawa yake ni kupima bila kifaa, kupima nacho, kisha kukivua na kupima tena, kwa petroli ya kituo kilekile.

Kuhusu namba ya kilele, yaani nguvu ya juu kabisa, inatosha kusema kwamba kilowati ni nyutonimita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) zikizidishwa kwa mizunguko ya injini kwa dakika, kisha zikagawanywa kwa 9,549. Gari lililopanda kutoka nyutonimita 300 hadi 360 kwenye mizunguko 3,500 limepata kilowati 22 mahali ambapo dereva huzitumia kila siku, hata kama kilele chake hakijasogea.

Mwisho kuna wanaodhani kwamba pasipo dainamomita hakuna kipimo. Gari la kilo 1,400 likitoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa hupata nishati ya kilojuli 346. Likitumia sekunde 4, wastani wa nguvu iliyoliongezea kasi ni kilowati 86, na likitumia 3.7 ni 93. Muda huo hupimwa kwa kifaa cha setilaiti (GPS), kwenye barabara tambarare isiyo na magari, ndani ya kasi inayoruhusiwa. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, kwa hiyo kila kipimo kifanywe kwa kwenda na kurudi. Mwinuko wa asilimia 1, usioonekana kwa macho, hula kilowati 3 katika kasi ya 80, na rafiki wa kilo 70 aliyepanda kushuhudia huongeza uzito kwa asilimia 5, kiasi kinachoweza kumeza faida yote ya kichujio.