VPN kwa kiolezo: yanayosemwa Kampala na yanayotokea kwenye seva

Simu iliingia Ijumaa saa mbili usiku, nikiwa Wandegeya, Kampala, nasubiri rolex yangu, ile chapati ya mayai, igeuzwe kwenye kikaango. "Mwanangu, ile kitu yako imekataa," akasema mama mmoja anayeuza vitenge Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla. Nusu ya duka lake iko Kikuubo, nusu iko Facebook, na Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, miaka ikapita bila kufunguliwa. Bila VPN, ile njia ya kupitisha intaneti yako kwenye seva ya nchi nyingine, hawezi kuwaonyesha wateja wake wa Goma na Bunia mzigo mpya. Nikamwambia, "Mama, nipe dakika kumi." Dakika hizo kumi zikageuka usiku mzima.

Naendesha huduma ndogo ya VPN. Wateja wako hapa, seva ziko Ulaya na Afrika Kusini, na sikuzisimika kwa mkono. Niliandika kiolezo, yaani faili la maandishi linaloeleza mtandao, fayawoli (ukuta wa ulinzi), mashine na anwani ya IP, kisha kampuni ya wingu, yaani inayokodisha seva, inalisoma na kujenga. Si uchawi mpya: kati ya zana za kazi hii, CloudFormation ya Amazon ipo tangu 2011, Terraform tangu 2014. Ila katika kikundi chetu cha mafundi, ambacho huzungumza Kiswahili kwa sababu tumo Waganda, Wakongo na Wakenya, nakutana na imani zile zile kila wiki. Nyingine nilikuwa nazo mwenyewe mpaka Ijumaa ile.

"Staki ikiwa kijani, VPN iko hewani"

Staki ni jumla ya vitu vilivyojengwa kutoka kiolezo kimoja. Yale maandishi ya kijani, CREATE_COMPLETE, yana maana moja: vitu ulivyoviomba vimeundwa. Mashine ipo na anwani inayo. Kama ndani yake kuna kinachofanya kazi, kiolezo hakijui na wala hakijaulizwa.

Kwa VPN inayotumia programu ya WireGuard kuna mambo matatu madogo ambayo yasipokuwepo nyumba haina maji. Keneli, kiini cha mfumo endeshi, lazima iruhusiwe kupitisha pakiti (vipande vya data) za watu wengine, yaani net.ipv4.ip_forward iwe 1, wakati kwa kawaida huwa 0. Pili, anwani za ndani za wateja, tuseme 10.8.0.5, lazima zibadilishwe kuwa anwani ya seva pakiti zinapotoka kwenda nje. Tatu, mlango 51820 uwe wazi kwenye fayawoli ya wingu, na uwe wa UDP, si TCP, ile njia nyingine ya kusafirisha pakiti. Namjua mtu aliyefungua TCP akakesha mpaka adhana ya alfajiri. Ukisahau lile la kwanza, mteja anaunganishwa vizuri kabisa, anaona alama ya ufunguo juu ya simu yake, na hakuna hata ukurasa mmoja unaofunguka.

Dawa ipo. Kwenye CloudFormation unaweka CreationPolicy, na script, yaani faili la amri, iliyo ndani ya mashine inatuma ishara kwa cfn-signal baada ya kujipima yenyewe. Ishara isipofika ndani ya muda uliopanga, staki inahesabiwa kuwa imeshindwa na inarudishwa nyuma. Huo ndio ukijani wa kuamini.

Na kwa kuwa tuko hapa: wapo wanaoapa kwamba lazima uzime ule ukaguzi wa chanzo na mwisho wa pakiti wa EC2, huduma ya mashine ya Amazon. Kama seva inabadilisha anwani kama nilivyoeleza, si lazima, maana pakiti zinatoka na jina la seva yenyewe. Unahitajika kuuzima pale unapopitisha pakiti zikiwa na anwani zake za asili.

"Nimebadilisha mstari mmoja tu"

Haya, turudi kwenye Ijumaa. Mchana nilikuwa nimeongeza mstari wa kuruhusu mlango wa UDP 443, kwa ajili ya wateja ambao laini zao zinabana 51820. Mstari mmoja wa fayawoli. Na kweli, fayawoli ya wingu hubadilika bila kuigusa mashine.

Tatizo lilikuwa mahali pengine kabisa kwenye faili. Mahali pa kutaja taswira ya mfumo endeshi, yaani nakala ambayo mashine huzaliwa nayo, kiolezo changu hakikutaja taswira fulani. Kiliomba "ya karibuni kabisa ya Amazon Linux", kwa kigezo kinachosomwa kutoka Parameter Store, ghala la vigezo la Amazon. Kigezo cha namna hiyo husomwa upya kila unapoboresha staki. Tangu nisimike, taswira mpya ilikuwa imetoka. Na kubadilisha taswira ya mashine ya EC2 si kuipaka rangi: mashine mpya inazaliwa, ya zamani inazikwa pamoja na diski yake.

Kilichonipotezea usiku ni kwamba kila kitu kilionekana hai. Anwani ya IP ilikuwa ile ile, kwa sababu nilikuwa nimeiandika kando ya mashine. Ping ilijibu. Amri ya WireGuard ya wg show iliniorodheshea wateja wote, maana orodha yao mashine huichukua kutoka S3, hifadhi ya mafaili ya Amazon, inapowaka. Lakini hapakuwa na hata mteja mmoja mwenye ule mstari wa latest handshake, unaoonyesha lini simu na seva zilitambuana mara ya mwisho. Nikampigia mama tena: "Mama, naomba unisomee zile namba mbili za chini." Akasoma polepole, kama anayesoma mita: imetuma KiB 14, imepokea 0.

Ile sifuri ndiyo iliyonifungua macho. Ufunguo wa siri wa seva ulikuwa unatengenezwa na script mara mashine inapowaka kwa mara ya kwanza. Mashine mpya, ufunguo mpya, na simu za wateja zote zilikuwa bado zinabisha hodi kwa ufunguo wa umma wa marehemu. WireGuard haimwambii mtu "umekosea ufunguo." Imeundwa hivyo makusudi: asiyethibitisha kwamba anaujua ufunguo wa seva hajibiwi kitu, ili anayechunguza milango kutoka nje asijue hata kama kuna mtu ndani. Ni ulinzi mzuri, ila mwenye nyumba naye akipoteza ufunguo anasimama nje na wageni.

Sikuwa na nakala. Ikabidi nimtumie kila mteja mipangilio mipya, wengi kwa picha ya QR kupitia WhatsApp. Jumamosi asubuhi nikaenda Kikuubo kwa miguu, kwa sababu mama alikuwa ameipokea picha kwenye simu ile ile anayotakiwa kuiskania, na simu haiwezi kujipiga picha ya uso wake yenyewe. Tukaazima ya jirani.

Ukweli wa mambo, basi: urefu wa ulichoandika hauhusiani na ukubwa wa kinachotokea. Kabla ya kuboresha staki, iambie CloudFormation itengeneze kwanza orodha ya mabadiliko bila kuyatekeleza. Mbele ya kila kitu kitakachoguswa kuna neno Replacement, na mbele ya mashine yangu lingesomeka True. Terraform nayo, ukiendesha plan, huweka alama ya -/+ na kuandika "must be replaced". Siku hizi natamka taswira kwa namba yake kamili, na ufunguo wa seva unakaa kwenye hifadhi ya siri ya wingu. Mashine inauchukua inapowaka, haijitungii wake.

"Sisi hatuhifadhi kumbukumbu"

Kila tovuti ya VPN huandika hivi. Wengi wa walioandika hawadanganyi, ila hawajakisoma kiolezo walichonakili.

Baadhi ya violezo vya mfano huwasha kumbukumbu za mtiririko wa mtandao. Hizi hazioni maudhui, lakini zinaandika anwani iliyotuma, iliyopokea, milango, baiti na wakati. Kwa seva ya kawaida hilo si neno. Kwa seva ya VPN, upande mmoja ni anwani ya mteja wako aliyeko Makindye, upande wa pili ni tovuti alizotembelea, kwa saa zake. Ni kile kile ulichoahidi kutokuwa nacho. Na kundi la kumbukumbu la CloudWatch, huduma ya Amazon inayozitunza, usipolipangia muda, halifuti kitu milele.

Kuna na siri zako mwenyewe. Faili la hali la Terraform, linalokumbuka kilichojengwa, huandika nywila na funguo bila kuzificha, hata kama kwenye skrini zilifichwa. Mtu akilisukuma kwenye Git, inayotunza kila toleo la faili, na kulifuta kesho yake, bado limo kwenye historia. Kigezo cha NoEcho cha CloudFormation nacho huficha thamani pale pale kilipo. Ukiirudia kwenye Outputs, sehemu ya matokeo ya staki, imeanikwa.

Tukumbuke pia kwamba namba ya simu iliyokulipa kwa MoMo (pesa ya simu) ni data binafsi. Uganda ina sheria ya kulinda data na faragha tangu 2019, na anayekusanya data anatakiwa kujisajili na ofisi ya ulinzi wa data, awe na ghorofa au awe na kompyuta moja chumbani.

"Cape Town ni Afrika, kwa hiyo ni karibu"

Kwenye ramani, ndiyo. Ila pakiti haisafiri kwa ramani. Uganda haina bahari; sehemu kubwa ya trafiki yetu hupita nchi kavu Kenya hadi Mombasa ndipo iingie kwenye nyaya za baharini. Pale kuna kwenda kaskazini, Bahari ya Shamu hadi Ulaya, au kusini hadi Afrika Kusini. Kama mteja wako anachotafuta kiko Frankfurt, umemzungusha hadi Cape Town kisha umpandishe tena bara zima. Kama kiko Johannesburg, umemsaidia. Pima kutoka laini ya mteja, na upime zaidi ya kampuni moja ya simu, kwa sababu kila moja ina njia zake.

Mwaka 2024 ulitufundisha jambo lingine. Mapema mwaka huo nyaya kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei zikakatika EASSy na Seacom upande wa kusini, na intaneti ya Kampala ikawa inatambaa. Mwenye kanda moja tu, yaani eneo moja la seva za wingu, popote ilipo, aliumwa angalau mara moja. Hapa ndipo kiolezo kinalipa gharama yake: faili lile lile unaliwasha kanda ya pili. Si kwa kunakili tu, lakini. Namba ya taswira ni tofauti kila kanda, kwa hiyo weka jedwali la kanda na taswira zake. Na kanda ya Cape Town, iliyofunguliwa 2020, huja ikiwa imezimwa kwenye akaunti. Lazima uiwashe mwenyewe kwanza.

"Seva yenyewe ni dola chache"

Seva ndiyo. VPN siyo, kwa sababu VPN haiuzi seva, inauza baiti. Kwenye Amazon baiti zinazoingia ni bure, zinazotoka zinalipiwa, na kwa VPN kila kinachoingia kinatoka: video inaingia bure kutoka kwenye tovuti, inatoka kwa malipo kwenda kwa mteja.

Piga hesabu. Wateja 50, kila mmoja gigabaiti 1 kwa siku, ni gigabaiti 1,500 kwa mwezi. Toa 100 za bure. Kwa bei ya orodha ya Ulaya, dola 0.09 kwa gigabaiti, ni dola 126. Kwa Cape Town, dola 0.154, ni karibu 216. Ongeza anwani ya IPv4, ambayo tangu Februari 2024 inalipiwa dola 0.005 kila saa, kama dola 3.65 kwa mwezi kwa kila anwani. Kiolezo hakitakuonyesha hata senti moja ya haya. Mwenzetu mmoja alitangaza VPN ya shilingi elfu tano kwa mwezi bila kikomo cha data. Hatangazi tena.

Mengine ya haraka

"Terraform inakuhamisha wingu lolote." Lugha ndiyo inahama. Ulichoandika hakihami: aws_instance, jina la mashine ya Amazon, haijui kitu kwa Google, unaandika upya.

"Nimefuta staki, bili imekwisha." Vilivyowekewa DeletionPolicy ya Retain, yaani agizo la kutofutwa, vinabaki na vinaendelea kulipiwa, na ndoo ya S3 yenye vitu ndani inagoma kufutwa. Kinyume chake ni kibaya zaidi: jedwali la DynamoDB, hifadhidata ya Amazon, lisilo na agizo hilo linaondoka na staki, pamoja na wateja wako wote.

"VPN inakwepa kodi ya data." Ilikuwa kweli kwa ile ya Julai 2018, shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, ndipo hata bodaboda wakajua neno VPN. Tangu Julai 2021 kodi ni asilimia 12 ya data yenyewe, ikikatwa kwenye bando. WireGuard huongeza baiti 60 juu ya kila pakiti ya IPv4, kwa hiyo unailipia kodi hiyo kidogo zaidi.

"Ya kwako itapita hata wakizima"

Hili huulizwa kila msimu wa uchaguzi, na wazee kwa vijana. VPN hupita pale njia ipo lakini baadhi ya milango imefungwa. Njia yenyewe ikiondolewa, hakuna cha kupita.

Jumatano jioni, 13 Januari 2021, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi Jumatatu tarehe 18. Nilipoweza kuingia tena nilifungua grafu za seva yangu ya Ulaya. Staki ilikuwa kijani, mashine haikuwa imezimika hata sekunde. Mstari wa trafiki ulishuka Jumatano usiku ukalala sakafuni, ukainuka Jumatatu. Bili ya saa zote zile ilikuja kamili.