Ganzi si kupooza

Juzi nimeisikia tena, safari hii kwenye benchi la kliniki ya kisukari: "Baba yangu amepooza nyayo." Huyo baba nilimwona akiingia kwa miguu yake mwenyewe. Kandambili ya kushoto ikamvuka mlangoni, naye akaendelea hatua nne tano bila habari, hadi mjukuu akamkimbilia nayo. Hiyo ni ganzi.

Ganzi ni kupotea kwa hisia. Kupooza ni kupotea kwa nguvu ya misuli. Basi.

Lugha yenyewe ilishatutenganishia. Ukila embe bichi meno yanaingia ganzi, lakini bado yanatafuna. Ukichomwa sindano ya ganzi ung'olewe jino, mdomo bado unaufungua mwenyewe. Kupooza kuna shina lake shambani: mapooza ni matunda yaliyosinyaa kabla ya kukomaa. Nadhani kinachotuponza ni ule usemi "mguu umekufa ganzi". Tukisikia kufa tunadhani mguu mzima umekwisha, kumbe kilichokatika ni habari zake tu: unyayo hauuambii tena ubongo umekanyaga nini, wala uzito umeelemea wapi.

Na mwendo husema. Aliyepooza mguu mmoja kwa kiharusi huuburuta, au huuzungusha kwa nje, kwa kuwa misuli haimtii. Mwenye ganzi ya nyayo zote mbili hutanua miguu, hukanyaga kwa kishindo, na macho hayabanduki chini, maana ndiyo yaliyoshika kazi ya nyayo. Mchana anajimudu. Umeme ukikatika usiku, au akifumba macho anawe uso, anayumba na kutafuta ukuta. Kipimo cha kumsimamisha mtu miguu pamoja, macho yamefumbwa, kinategemea jambo hilohilo. Kinaitwa kwa jina la Romberg, daktari Mjerumani wa karne ya 19.

Ukisema "amepooza", daktari ataanza na kiharusi. Ukisema "hahisi, kandambili zinamvuka bila kujua", atachukua uzi wa nailoni unaopinda ukigandamizwa kwa uzito wa gramu 10, amguse chini ya vidole vya miguu aone kama anahisi.

Kwa hiyo, dada yangu wa pale benchini, baba hajapooza, nyayo zake zina ganzi. Mwambie daktari hivyo hivyo. Na jioni akivua viatu mtazame nyayo, maana hata akichomwa na msumari hatajua.