Rekoverini hairejeshi, inachelewesha

Sentensi hii haiishi kujitokeza kwenye maelezo ya protini za jicho: "Rekoverini huisaidia seli ya retina kurejea katika hali yake baada ya kupigwa na mwanga." Imenakiliwa andiko hadi andiko, na sababu naielewa. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la kurejea katika hali, kwa hiyo anayeandika anaona ameshapewa jibu. Lakini huko mitaani tunao akina Furaha wasiotabasamu wiki nzima.

Maana yake kwa ufupi: rekoverini ni protini ndogo, yenye amino asidi kama 200, iliyomo katika seli za retina zinazohisi mwanga, yaani vijiti vya kuonea penye mwanga hafifu na koni za mchana na rangi. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kushika kalsiamu, na ikishaishika, kuizuia kinasi ya rodopsini, ile protini inayopokea mwanga, isifanye kazi.

Hiyo kinasi ni kimeng'enya cha kuizima rodopsini. Mwanga ukiipiga rodopsini, rodopsini huwaka na kuanzisha mfululizo wa ishara unaoishia kwa kufunga milango ya ioni kwenye utando wa seli. (Ndiyo, kufunga. Seli hizi hupitisha mkondo gizani, na mwanga ndio unaoukata. Wengi hudhani kinyume chake.) Sasa rodopsini iliyowaka lazima izimwe, la sivyo seli itaendelea kutangaza mwanga uliokwisha kupita. Kinasi huanza kwa kuibandika fosfeti kwenye mkia, kisha protini iitwayo arestini huja kuifunika. Anayemshikilia kinasi, basi, anachelewesha kuzima, na anayemshikilia ni rekoverini.

Anajuaje wakati wa kushika na wa kuachia? Kwa kalsiamu. Gizani milango iko wazi na kalsiamu inaingia kwa wingi. Rekoverini iliyoshiba kalsiamu hubadili umbo: mkia wake wa mafuta, uliokuwa umekunjwa ndani, huchomoza na kujichomeka kwenye utando, na huko hukutana na kinasi. Mwanga ukija, milango hufungwa, kalsiamu hushuka, mkia hurudi ndani na kinasi huachiwa. Matokeo yake ni kwamba gizani, fotoni (chembe za mwanga) zinapokuwa chache, ishara ya kila moja hudumu kidogo zaidi. Mwangani huzimwa upesi. Panya waliozalishwa bila rekoverini walipopimwa, ishara ya vijiti vyao ilififia haraka kuliko kawaida. Kama kazi yake ingekuwa kurejesha, panya hao wangechelewa.

Jina lilitoka wapi, basi? Mwaka 1991 kundi la watafiti, miongoni mwao James Hurley na Lubert Stryer wa Stanford, lilitangaza kwenye jarida la Science kwamba protini hii huchochea kimeng'enya kinachotengeneza cGMP, ile molekuli inayoifungua milango tena. Hiyo kweli ingekuwa kazi ya kurejesha, na jina likatolewa kwa mantiki hiyo. Mwaka 1993, katika jarida lilelile, wenyewe waliliondoa hitimisho hilo. Jina halikuondolewa.

Uchochezi ule ni kazi ya protini nyingine, GCAP. Hapa ndipo watu wanapozidi kuchanganyikiwa, kwa sababu GCAP ni ndugu wa rekoverini: ukoo mmoja wa protini zinazoshika kalsiamu, na umbo linafanana. Tofauti iko kwenye saa ya kazi. GCAP huchochea utengenezaji wa cGMP kalsiamu inaposhuka; rekoverini hufanya kazi kalsiamu ikiwa juu. Huko Japani, Satoru Kawamura alikuwa akichunguza protini hiyohiyo kwa vyura kwa jina la S-modulini, na mwaka 1993 akaonyesha kwamba inachogusa ni ule ubandikaji wa fosfeti kwenye rodopsini. S-modulini ni jina lisilo na mvuto, nakubali, ila halidanganyi.

Madaktari nao hulikuta jina hili kwa njia nyingine. Baadhi ya wagonjwa, hasa wa saratani ya mapafu ya seli ndogo, hupoteza uwezo wa kuona, pengine hata kabla saratani haijagunduliwa. Kwa baadhi yao, uvimbe hutengeneza rekoverini mahali isipotakiwa, mwili huiona kama mgeni na kuunda kingamwili, na kingamwili hizo huishia kuishambulia retina. Kwa hiyo usisome neno "rekoverini" kwenye ripoti ya namna hiyo ukadhani mgonjwa amepungukiwa na kitu cha kurejesha macho. Imetajwa kama shabaha ya kingamwili.

Aliyeandika sentensi ile ya mwanzo hana haja ya kufuta aya nzima. Aseme tu kwamba rekoverini huizuia kinasi ya rodopsini kalsiamu ikiwa nyingi, na huiachia ikipungua. Na kama nia yake ilikuwa kueleza ni nani anayesaidia milango ifunguke tena baada ya mwanga, aitaje GCAP.