Bambo lichomwe wapi? Uamuzi wa mjaribu programu

Msimu wa ufuta Lindi, ukikaa kwenye ghala la chama cha msingi utamwona mtu mwenye bambo. Ni kipande cha chuma chenye ncha na mfereji. Anakichoma kwenye gunia, punje zinateremka kiganjani, anazipuliza, anazitazama, pengine anatafuna mbili tatu. Aliyekusudia kuchanganya mchanga anajua pa kuuficha: unakaa katikati ya gunia, juu unawekwa ufuta safi. Kwa hiyo uzito wa kazi ya yule mtu uko katika kuchagua mahali pa kuchoma. Mpe karatasi inayomwamuru achome gunia la tatu na la saba, upande wa juu, kila siku ya Mungu. Haitapita wiki kabla watu hawajajua gunia la tatu na la saba lijazwe nini.

Mimi ni mjaribu programu, yaani natafuta makosa kwenye programu za kompyuta na simu, naishi Mtwara mjini, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni mifumo ya ushirika: kupokea mazao, kupima, kutoa stakabadhi, kulipa wakulima. Mara kwa mara naulizwa na wenye miradi kwa nini sifuati tu skripti ya majaribio niliyokabidhiwa, hatua ya kwanza hadi ya mwisho, nikaweka alama ya tiki na kupumzika. Swali lenyewe ni la haki. Anayelipa anataka kujua fedha yake imenunua nini, na tiki zinahesabika. Lakini jibu langu ni refu kuliko dakika mbili za kwenye simu, ndiyo maana naliandika hapa.

Namna ya kujaribu ninayoizungumzia, ya kuchunguza badala ya kufuata skripti, ilipewa jina mwaka 1984 na Cem Kaner, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi ya programu kule California. Watu walikuwa wakiifanya kabla yake, ila bila jina ilionekana kama kubahatisha. Maana yake kwa ufupi: mjaribu anajifunza programu, anabuni jaribio na kulitekeleza kwa wakati mmoja, na alichokiona sasa hivi ndicho kinachoamua afanye nini baadaye. Kaner aliweka mambo mawili pamoja katika maelezo yake, uhuru wa mjaribu na wajibu wake. Wengi hulishika la kwanza wakaliacha la pili, au wakaogopa la kwanza bila kuliona la pili.

Nitaeleza kwa kisa kimoja, maana bila kisa maneno haya yanaelea.

Nilikuwa najaribu programu ya simu ya kupokelea korosho. Karani wa chama anaingiza jina la mkulima, daraja, kilo, anabonyeza Hifadhi, na stakabadhi inatoka ikiwa na tarehe. Tarehe hiyo si pambo. Tangu stakabadhi ghalani ilipoanza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/2008, mkulima anakabidhi mzigo wake leo na kusubiri mnada ndipo alipwe. Karatasi iliyo mkononi ndiyo ushahidi wake. Katika mfumo huu tarehe ndiyo iliyopanga mzigo uingie shehena ipi, na shehena mbili zinaweza kuuzwa minada miwili tofauti kwa bei mbili tofauti. Skripti yangu ilisema hivi: ingiza mkulima, ingiza kilo 80, hifadhi, hakikisha tarehe ya leo imetokea. Niliifanya mezani kwangu mjini saa 4 asubuhi. Tarehe ya leo ikatokea. Tiki.

Skripti haikusema niende Newala. Niliomba kwenda kwa sababu sikuwa nimemwona hata karani mmoja akiitumia ile programu, na sikuona namna ya kuamua chochote cha maana kabla ya hapo. Nilimkuta mzee wa makamo nje ya ofisi ya chama, daftari kubwa lenye jalada gumu mapajani, simu imezimwa pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kiti."

Nikamuuliza mbona simu imezimwa na watu wanapima mizigo.

"Mchana mtandao hapa wa kubahatisha. Naandika daftarini kwanza. Usiku watu wakishalala ndiyo naingiza kwenye simu, yote kwa mkupuo. Siku mzigo ukiwa mwingi nafika hata alfajiri."

Hapo peke yake palikuwa na kazi ya siku nzima. Programu iliandikwa kwa karani anayeingiza taarifa mkulima akiwa amesimama mbele yake, na karani wa namna hiyo hakuwepo. Nikamwomba ruhusa tulinganishe daftari na simu. Mizigo ya siku moja ilikuwa ishirini na moja. Kumi na tisa ilisoma tarehe ileile ya daftari, miwili ya mwisho ilisoma siku iliyofuata.

"Hiyo inafanya hivyo mara mojamoja," akasema. "Nikiiona nasahihisha kwa kalamu kwenye karatasi ya mkulima."

Mwandishi wa programu nilipompigia alikisia haraka, na alikisia sawa kwa sehemu: seva, yaani kompyuta kuu inayotunza taarifa, ilikuwa ikitumia saa za kimataifa, UTC, ambazo Tanzania tumezitangulia kwa saa tatu. Akasema atairekebisha kabla ya chakula cha mchana. Ningeweza kuandika ripoti, nikafunga.

Ila kilichonisumbua kilikuwa ile kumi na tisa iliyosoma sahihi. Karani aliniambia anaingiza usiku, na kumbukumbu za simu zilionyesha kwamba mingi aliiingiza baada ya saa 6 usiku, yaani siku mpya ilikuwa imeshaanza. Kama programu inaandika tarehe ya kuingiza, mizigo hiyo yote ilipaswa kusoma siku iliyofuata. Mbona haikusoma?

Niliporudi mjini niliacha kazi iliyopangwa ya siku hiyo, ambayo ilikuwa kupitia ripoti za mwezi. Nikamwomba mwenzangu asogeze saa ya seva ya majaribio, nikawa naingiza mzigo mmojammoja: saa 5:58 usiku, saa 6:02, saa 8:58, saa 9:02. Picha ikajitokeza. Programu ilikuwa na makosa mawili. La kwanza, ilihifadhi wakati wa kuingiza badala ya siku ya kupima. La pili, ilichelewa saa tatu. Kati ya saa 6 na saa 9 usiku makosa hayo yalifutana: karani anaingiza Jumanne saa 7 usiku mzigo wa Jumatatu, na seva, kwa kuwa imebaki nyuma saa tatu, inadhani bado ni Jumatatu. Tarehe inatoka sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Baada ya saa 9 usiku seva nayo inaingia Jumanne, na kosa la kwanza linabaki wazi. Ile miwili ilikuwa imeingizwa baada ya saa 9.

Sasa fikiria tungerekebisha saa za seva peke yake, kabla ya chakula cha mchana. Mizigo yote ya baada ya saa 6 usiku ingehamia siku ya pili, na badala ya wakulima wawili wenye karatasi iliyochorwa kwa kalamu tungekuwa na karibu kijiji kizima. Na jaribio la skripti yangu, lile la saa 4 asubuhi, lingeendelea kupata tiki.

Hapo ndipo ninapoona uamuzi wa mjaribu unafanya kazi. Hakuna aliyeniagiza nishuku majibu sahihi. Sijui skripti ambayo mtu angeweza kuiandika mapema yenye mstari wa "linganisha na daftari la mzee asiyetumia simu mchana". Mstari huo haukuwepo kabla sijamwona mzee. Ulizaliwa pale, ukazaa wa pili, wa pili ukazaa ule wa saa 8:58. Ukimnyima mjaribu haki ya kuchagua hatua inayofuata, umeikata hiyo mizizi.

Uhuru huo una gharama yake, na gharama yake ni maandishi. Mwaka 2000 ndugu wawili, James Bach na Jonathan Bach, walieleza utaratibu wa kufanya uchunguzi kwa vipindi. Kipindi kimoja ni muda usiokatizwa, mara nyingi kama dakika 90, chenye kusudi la sentensi moja au mbili: chunguza nini, kwa kutumia nini, ukitafuta hatari gani. Mjaribu anaandika anayoyafanya wakati anayafanya, kisha anakaa na kiongozi wake na kumsimulia. Jambo ninalolipenda zaidi katika utaratibu wao ni sehemu ndogo ya fomu ya kila kipindi: mjaribu anaandika asilimia ngapi ya muda ilikwenda kwenye kusudi na asilimia ngapi ilikwenda kwenye mambo aliyoyafuata njiani. Yaani kutoka nje ya njia kumetengewa nafasi yake kwenye karatasi. Hakufichwi, wala hakuombewi msamaha.

Siku ile ya saa za seva niliandika kwamba kusudi lilikuwa ripoti za mwezi, na kwamba muda karibu wote niliutumia kwingine, nikaeleza kwa nini. Kiongozi wangu hakufurahi mwanzoni. Tulibishana. Aliposoma maandishi mstari kwa mstari aliona kila hatua ilitoka kwenye iliyotangulia, akaniongezea kipindi kimoja kwa ajili ya ripoti. Nisingekuwa na maandishi, ningekuwa mtu aliyekwepa kazi akapata bahati. Mjaribu asiyeweza kusimulia kwa nini alichoma bambo pale alipochoma hana anachodai anaposema apewe uhuru, na hili huwa nawaambia vijana ninaowafundisha bila kulipunguza makali.

Huwa wananiuliza pia: utajuaje kuna kosa kama hakuna karatasi iliyosema jibu sahihi ni lipi? Unatafuta kitu cha kulinganishia. Daftari la karani ni kimoja. Mizani ni kingine. Toleo la programu la mwezi uliopita, sheria, kikokotoo, malalamiko ya mteja, kimojawapo kati ya hivyo kikigombana na skrini, una swali. Na vingine umezaliwa navyo. Lindi kuna kata inaitwa Ng'apa. Anayetoka huku hajaribu sehemu ya kuandika anwani bila kuandika Ng'apa, na hatasahau kuiandika mara mbili kwenye simu mbili, kwa kuwa simu moja huweka alama iliyonyooka na nyingine huweka iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili. Mkulima aliyesajiliwa kwa alama moja anaweza asionekane akitafutwa kwa nyingine. Ujuzi wa mahali ni chombo cha kazi kama chombo kingine chochote, nami nasikitika ninapoona mifumo ya wakulima wa kusini ikijaribiwa na watu ambao hawajawahi kuliona ghala.

Sisemi skripti zitupwe. Hesabu ya makato ya mkulima sitaki kuichunguza kwa macho yangu kila wiki; hiyo iandikiwe majaribio yanayoendeshwa na kompyuta usiku na mchana, kwa sababu jibu lake linajulikana na mashine haichoki. Michael Bolton, mjaribu programu wa Kanada, alianza mwaka 2009 kutofautisha kuhakiki na kujaribu, na tofauti hiyo imenisaidia sana kuzungumza na wateja: kuhakiki ni kuuliza kama tunachokijua bado kiko vilevile, na mashine inaliweza, kujaribu ni kutafuta tusichokijua, na hapo anatakiwa mtu mwenye kushuku. Muda unaookolewa na mashine ndio unaompeleka mtu Newala.

Wala sidai kwamba uamuzi wote ni wa mjaribu. Toleo litoke au lisitoke, hilo si langu. Nilipopeleka yale makosa mawili, nilieleza nilichokiona, nani ataumia na kwa namna gani, na kitakachotokea wakirekebisha moja wakaacha jingine. Kiongozi wa mradi alikuwa anajua mambo nisiyoyajua, tarehe ya mnada na mkataba. Aliamua programu isubiri siku nne ili makosa yote mawili yatoke pamoja, na karani apate sehemu ya kuandika siku ya kupima kwa mkono wake. Angeamua kinyume, ningeandika wasiwasi wangu na kuendelea na kazi. Nimewaona wajaribu wanaosimama mlangoni kama askari, na nimeona timu zinavyojifunza kuwazunguka.

Mzee wa Newala nilimpigia toleo jipya lilipotoka. Akaniambia tarehe sasa zinakubaliana na daftari, ila ameona jambo jingine: mkulima akileta mzigo mara mbili siku moja, asubuhi daraja la kwanza na jioni daraja la pili, stakabadhi ya jioni inatoka bila namba. Si kila mara. Hajui ni lini.

Nimeliandika kwenye daftari langu, na nimeomba kipindi kimoja Jumatatu, cha dakika 90.