Shahada ya fiziolojia: inachofundisha na isichokupa

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kuna swali moja ambalo sisi tunaofundisha sayansi za afya hapa Mbeya hatulikosi. Kijana amefaulu vizuri, ila ushindani wa udaktari mwaka huo umempita. Kwenye simu ameona kuna shahada ya kwanza ya fiziolojia ya tiba, miaka mitatu au minne. Mzazi anauliza: akimaliza hiyo, atakuwa daktari?

Hapana, na ni heri lisemwe kabla ada haijalipwa. Hapa nchini daktari ni mtu aliyesoma shahada ya udaktari kwa miaka mitano, darasani na wodini, akafanya utarajali wa mwaka mmoja hospitalini, kisha akasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwenye shahada ya fiziolojia pekee haandiki dawa wala hapasui. Anayemwambia mzazi kwamba "atamalizia tu huko mbele" anamuuzia kitu ambacho hakipo.

Baada ya kusema hayo, sipendi mazungumzo yaishie hapo, kwa sababu wapo vijana ambao shahada hii ingewafaa kuliko udaktari wenyewe, nao huondoka bila kuambiwa ni somo gani. Anatomia hukuonyesha moyo ulipo na ulivyoumbwa. Fiziolojia hukueleza kwa nini unapiga haraka ukipanda ngazi, ni nani ameuamuru, na nini kingekupata moyo usingetii amri hiyo. Ni somo la sababu, na sababu zenyewe hupimwa kwa namba.

Tuchukue hewa tunayovuta huku nyanda za juu, maana hii ni maabara tusiyoilipia. Hewa ya Dar es Salaam, ya Mbeya mjini na ya Kitulo ina oksijeni kwa asilimia ileile, karibu 21. Wengi hudhani milimani mchanganyiko wa hewa hubadilika, haubadiliki. Kinachopungua ni shinikizo la hewa yote kwa pamoja. Usawa wa bahari shinikizo hilo ni milimita 760 za zebaki. Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, linashuka hadi kama 620. Kwenye uwanda wa Kitulo, karibu mita 2,600, linabaki kama 550. Chukua asilimia 21 ya kila moja uone sehemu ya oksijeni: 160 kule Pwani, 130 hapa mjini, chini kidogo ya 120 Kitulo. Shinikizo hilohilo ndilo linalofanya maji yachemke hapa Mbeya kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, na ndiyo sababu mgeni kutoka Dar hulalamika kwamba maharage ya huku hayaivi. Maharage hayana kosa.

Mwanafunzi wa fiziolojia haishii hapo. Hewa ikipita puani na kooni hupashwa joto na kulowa, na kwenye joto la mwili, nyuzi 37, mvuke wa maji huchukua milimita 47 za lile shinikizo, uwe Kyela ufukweni mwa Ziwa Nyasa au uwe Kitulo. Hizo 47 hazipungui kwa kuwa umepanda mlima, kwa hiyo wa juu anakatwa kiasi kilekile kutoka kwenye mtaji mdogo zaidi. Hapo swali linajileta lenyewe: mbona basi watu wa Makete, wilaya yenye uwanda huo wa Kitulo, wanalima, wanapanda vilima na mizigo kichwani, wala hawazimii?

Jibu la kwanza lipo kwenye himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Ukichora grafu ya namna inavyoishika oksijeni, mstari hauendi moja kwa moja. Unapanda kwa kasi, kisha unalala. Shinikizo la oksijeni kwenye damu ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, likiwa milimita 100, himoglobini imejaa kwa asilimia 97 hivi. Likishuka hadi 60, bado imejaa karibu asilimia 90. Sehemu ile iliyolala ndiyo inayotuwezesha kuishi huku juu bila kuhangaika. Chini ya 60 mteremko ni mkali, na mgonjwa wa nimonia aliyefika hapo anaweza kubadilika mbele ya macho ya muuguzi kwa muda mfupi. Nesi anayeijua grafu hii hasubiri kile kifaa cha kidoleni kisome asilimia 80 ndipo atafute mtungi wa oksijeni.

Jibu la pili linachukua wiki. Figo huhisi upungufu wa oksijeni, hutoa homoni iitwayo erithropoietini, nayo huuchochea uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu zaidi. Namna seli inavyohisi kwamba oksijeni imepungua ilibaki kitendawili kwa muda mrefu, na waliokitegua, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Tuzo ya Nobel ya fiziolojia au tiba mwaka 2019. Kutoka hapo unaelewa pia kwa nini mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi huishiwa damu hata kama hajavuja tone: kiwanda kipo, anayekiagiza kazi ndiye hayupo. Wengi wa wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine huchomwa sindano ya homoni hiyohiyo.

Sasa tushuke kliniki ya wajawazito. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mjamzito ana upungufu wa damu himoglobini yake ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita (10.5 kwa miezi mitatu ya katikati). Kiwango hicho ni cha watu wa usawa wa bahari. Shirika hilohilo linaelekeza kipandishwe kwa wanaoishi kwenye mwinuko, kwa kuwa mwili uliozoea milima unatakiwa kuwa na himoglobini nyingi zaidi ili ufanye kazi ileile. Mama wa kijiji kilichopo zaidi ya mita 2,000 huko Makete akikutwa na 11.2, ukilinganisha kwa kile kiwango cha 11 utamwambia yuko salama. Ukizingatia mwinuko, bado damu yake ni pungufu. Mjamzito anayesoma hapa asikimbilie duka la dawa; aulize kliniki, na vidonge vya madini chuma anavyopewa avimeze badala ya kuvirundika kabatini. Hesabu hii, ya kuoanisha kipimo na mahali mtu anapoishi, ni kazi ambayo mwanafiziolojia anaiweza hasa, na mikoa yetu bado ina maswali mengi ya aina hiyo yanayongoja mtu wa kuyapima.

Nimekaa kwenye hewa na damu kwa makusudi, kwa sababu shahada nzima huenda kwa mwendo huo: jambo la kawaida, kipimo, sababu, halafu mgonjwa. Mwanzoni utasoma seli na utando wake, neva, misuli na damu, ukichanganya na anatomia, biokemia na takwimu. Kisha unapita mfumo kwa mfumo: moyo, mapafu, figo, tumbo, homoni, uzazi, ubongo. Mwishoni vyuo vingi huweka dawa zinavyofanya kazi mwilini, fiziolojia ya mazoezi, na mradi wa utafiti ambao mwanafunzi anaufanya mwenyewe.

Mazoezi ya maabara ndiyo yanayowabakia wanafunzi kichwani. Mara nyingi anayepimwa ni mwanafunzi mwenyewe. Wanapulizia spirometa kuona mapafu yanabeba kiasi gani, wanafungana mkanda wa presha mikononi, wanabandikana nyaya za mashine ya kupima umeme wa moyo. Lipo zoezi la zamani ambalo huwachekesha kila mwaka: kundi moja linakunywa lita nzima ya maji ya kawaida, jingine lita ya maji yenye chumvi kwa kiwango cha damu, kisha kila nusu saa wote wanapima mkojo. Wa maji matupu wanashinda njia ya chooni na baada ya saa mbili hivi wengi wameyamaliza. Wa maji ya chumvi wamekaa, wanawatazama. Kiasi walichokunywa ni kilekile. Kuieleza tofauti hiyo kunahitaji homoni, figo na ubongo kwa pamoja, na anayeweza kuieleza vizuri ataelewa pia kwa nini drip ya maji ya chumvi na drip ya sukari si kitu kimoja kwa mgonjwa aliyepoteza damu.

Kuhusu hesabu, nisiwafiche. Kijana wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) huwa na nafuu kuliko wa CBG (kemia, biolojia, jiografia), na sababu ni fizikia. Utakutana na shinikizo, mtiririko, umeme na logi. Ndani ya seli potasiamu ni kama 140, nje ni kama 4, vipimo vyote kwa milimoli kwa lita. Kutokana na namba hizo mbili unaweza kukokotoa kuwa potasiamu peke yake ingeuweka utando wa seli kwenye milivolti 95 hasi hivi. Ni hesabu ya mistari miwili. Lakini ndiyo inayokuonya kwamba potasiamu ya nje ikipanda hata kwa kiasi kinachoonekana kidogo, umeme wa moyo unavurugika, na ndiyo maana dawa ya potasiamu haisukumwi kwa pupa kwenye mshipa wa mgonjwa.

Anayeumia kwenye somo hili ni yule anayeishi kwa desa, yale maandishi ya kukariri yanayorithishwa mwaka hadi mwaka. Desa linaweza kukupitisha kwenye masomo mengine. Majina ya mifupa, kwa mfano, hayajabadilika tangu aliyeliandika alipomaliza chuo. Mtihani wa fiziolojia humleta mtu aliyetapika siku tatu mfululizo na kuuliza damu yake imekuwaje, anapumuaje, na potasiamu yake imekwenda wapi. Hapo unafuata sababu hatua kwa hatua: asidi ya tumbo imetoka, damu imeelemea upande wa alkali, pumzi inapungua ili kaboni dioksaidi ibaki, figo zinajitahidi kuokoa maji na chumvi huku zikiimwaga potasiamu. Aliyekariri majibu ya mwaka juzi anakula sapu, yaani anarudia mtihani, na hapo simwonei huruma sana.

Inasomwa wapi? Hapa Tanzania fiziolojia kwa kawaida hufundishwa ndani ya shahada nyingine, hasa udaktari, kisha huchukuliwa kama somo la shahada ya uzamili. Hapa Mbeya, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya sayansi za afya inayofundisha udaktari, na fiziolojia imo kwenye miaka ya mwanzo. Shahada ya kwanza ya fiziolojia inayojitegemea imezoeleka zaidi Nigeria, Afrika Kusini na Uingereza. Kenya na Uingereza kuna pia utaratibu ninaoupenda: mwanafunzi wa udaktari anasimama kidogo, anachukua shahada ya sayansi katika somo kama fiziolojia, halafu anarudi kuendelea na udaktari wake. Anatoka na jicho la utafiti ambalo wodi peke yake haimpi.

Kwenye ajira nitasema wazi. Hakuna tangazo la kazi la halmashauri linalotafuta mwanafiziolojia kwenye kituo cha afya. Shahada hii hulipa kwa aliyepanga kuendelea: uzamili, ualimu wa chuo, utafiti. Vyuo vya afya vinaongezeka, na walimu wa masomo ya msingi hawapatikani kirahisi, kwani daktari aliyemaliza mara nyingi hupendelea wodi au kliniki kuliko ubao. Upande wa utafiti, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake hapa Mbeya, kinachojulikana kwa tafiti za virusi vya UKIMWI na kifua kikuu, na kazi za namna hiyo zinahitaji watu wanaojua kupima mwili na kusoma namba zake. Lakini mtu anayehitaji mshahara mara tu akivua joho, familia ikimngojea, namshauri afikirie uuguzi, famasia au maabara. Na yule ambaye moyo wake uko kwenye kutibu kabisa, stashahada ya utabibu ni njia ya karibu zaidi: atafanya kazi ya tiba, na akifaulu vizuri anaweza kuomba udaktari baadaye.

Ukiamua kwenda nje, anza na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kabla ya kuanza na wakala. Tume hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na ukirudi ndiyo inayotambua shahada yako. Shahada isiyotambuliwa haitakusaidia popote penye ofisi ya utumishi.

Chuo chenyewe, kiwe cha ndani au cha nje, kiulize mambo ambayo hayamo kwenye kipeperushi. Saa ngapi kwa wiki mwanafunzi yuko maabara, akishika vifaa yeye mwenyewe badala ya kumtazama mwalimu akivishika? Spirometa ni ngapi, na ngapi kati ya hizo zinafanya kazi leo? Mradi wa mwisho unasimamiwa na nani, na huyo msimamizi ana wanafunzi wangapi? Na waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi sasa: uzamili, kazini, au nyumbani? Chuo kinachofuatilia wahitimu wake kitakujibu kwa mifano. Kikianza kukuonyesha picha za majengo, omba namba ya mhitimu mmoja umpigie.