"Hawajali mafao": uongo tunaojidanganya sisi wenye meza

Mi nasimamia zamu kwenye kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara, na kila kikao lazima mtu wa ofisini aseme "hawa watu hawajali mafao, tangazo tulishatoa." Jamani. Tangazo lenyewe limebandikwa mlango wa HR ambao mbanguaji hapiti mwaka mzima, limeandikwa Kiingereza, na ukibisha unaambiwa imeli ilitumwa, imeli kwa nani sasa? Mtu ana kitochi, simu ndogo ya vitufe, mikono imejaa mafuta ya ganda la korosho yale yanayobabua ngozi, na kitochi chenyewe kipo kwenye mkoba nje maana ndani simu hairuhusiwi.

"Makato ya NSSF ni hela ya tajiri." NSSF ni mfuko wa hifadhi ya jamii, na tajiri hapa ndo mwajiri. Hii niliisikia kwa mama mmoja wa Chikongola, msimu wa pili huu anaamini hivyo. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, tajiri anaruhusiwa kukukata mpaka 10 tu, inayobaki anatoa yeye, na yote inaingia kwa jina lako. Kumwambia tu hakukusaidia, akaguna. Siku ya malipo tukakaa kwenye benchi la getini akisubiri bajaji, nikabonyeza mimi maana vidole vyake vilikuwa vimechubuka, *152*00#, tukafuata menyu mpaka NSSF, michango ikaja. Miezi miwili haipo. "Mwanangu, hizi zimeenda wapi?" Sikuwa na jibu, nikapanda juu ofisini na slipu zake mkononi.

Mtu asiyejali haulizi hivyo.

"Wa msimu hana likizo." Hii hata masupavaiza wenzangu wanaiapia kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi wa msimu anastahili likizo ya malipo. Kweli asiye wa msimu aliye kazini chini ya miezi sita kwa kawaida hapati, ila kama tajiri yuleyule amekuita zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na ukijumlisha siku zako zinapita miezi sita, unapata. Ndo maana nawaambia wasitupe vile vikaratasi vya mahudhurio, watu wanafungia karanga.

"WCF tunakatwa na sisi." Hapana, WCF ni mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini na anachangia mwajiri peke yake, tena si lazima mashine ikukate kidole ndo ulipwe, ugonjwa unaotokana na kazi nao umo. Ila toa taarifa mapema, usikae na jambo lako mwaka mzima ukipaka mafuta ya nazi.

Likizo ya uzazi ni siku 84 na malipo, ukijifungua mapacha 100, na baba ana siku 3 (wapakiaji wa gunia waliposikia hii walicheka, mmoja akasema mkewe ndo atamfukuza arudi kazini).

Siku hizi tunaongea dakika kumi getini kabla ya zamu, Kiswahili, jambo moja tu kwa siku, halafu wenye watoto wenye simu kubwa nawarekodia sauti WhatsApp wasikilize nyumbani. Ofisini bado wanasema suala la mama linashughulikiwa. Yeye kila Ijumaa ananiletea kitochi chake pale kwenye benchi, "hebu angalia tena."